Rivyu ya "mbwa amekufa": kisa cha kundi moja la Kampala na rimeki ya Resident Evil 4

Wahusika na mahali

Hiki kisa nimekaa nacho muda mrefu, na wahusika wote wanne wameniruhusu nikiandike kwa sharti moja tu, majina yasitoke wala jina la banda lao la kuchezea gemu kwa kulipia. Kwa hiyo nitawaita kwa kazi zao: Mwenye Banda, Msomaji ambaye ndo sauti inayosikika kwenye rivyu zao za gemu, Fundi wa Video, na Dada, maana pale kila mtu alikuwa anamwita hivyo hivyo tu. Mi sikuwa kwenye kundi, nilikuwa mteja, ila karibu siku zote ninazozieleza hapa nilikuwepo kwenye benchi la nyuma.

Banda liko mtaa mmoja pembeni ya barabara ya Ggaba, zile sehemu wanakoishi Wakenya na Watanzania waliokuja kusoma, Wakongo wapo, Wasudani wapo, na hata muuza rolex (chapati ya mayai) wa pale nje ambaye ni Mganda kabisa anakuhesabia chenji kwa Kiswahili. Siku za kawaida pesa ya banda inatoka kwenye mpira, vijana wawili wanakaa wanacheza mechi wanalipa wanaondoka, na gemu za stori zinapewa TV moja ya kona kwa wale wanaolipia kwa saa.

Hawa wanne walianza kurekodi rivyu mwaka 2022, mwaka uleule ambao mwezi wa 7 baraza la mawaziri la Uganda lilipitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe mashuleni. Wazo lao lilikuwa zuri na bado naliona zuri: sinema zina maVJ wanaozisimulia kwa Luganda tangu zamani, lakini gemu hakuna mtu wa kuziongelea kwa lugha ambayo kijana wa Bunia na wa Kisumu na wa Kansanga wote wanaielewa kwa pamoja. Wakawa wanarekodi klipu fupi, sauti ya Msomaji juu ya picha ya gemu, mwisho alama juu ya 10, wanatuma kwenye magrupu ya WhatsApp na watu wanasambaza wenyewe.

Gemu yenyewe, na sisi tuliichezaje

Hapa naomba mnivumilie nikae kidogo maana bila sehemu hii kisa hakieleweki.

Resident Evil 4 ni gemu ya kutisha ya bunduki. Ile ya zamani ilitoka mwezi wa 1 mwaka 2005 kwenye konsoli ya GameCube, aliyeiongoza ni Shinji Mikami wa Capcom, kampuni iliyoitengeneza, alafu mwezi wa 10 mwaka huohuo ikaingia PS2 na hiyo ya PS2 ndo karibu sisi wote tuliyokutana nayo. Leon, ndo unayemchezesha, anatumwa kijiji kimoja Hispania kumtafuta Ashley, mtoto wa rais wa Marekani, anakuta wanakijiji wameingiwa na kimelea kinachowaendesha kama punda. Kamera ikakaa nyuma ya bega lake, na baada ya hapo gemu nyingi sana za bunduki zikaiga ile kamera. Wahakiki wa wakati ule waliipokea kwa mikono miwili, Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki, mpaka leo inaipa 96 juu ya 100 ile ya GameCube.

Sasa sisi huku. Banda la enzi hizo lilikuwa na PS2 zilizochipuliwa, yaani zilizofunguliwa zikubali CD za kuchoma, na memori kadi ya kuhifadhi ulipofika hakuna. Zilikuwepo mwanzoni zikawa zinaibiwa, na hata ikiwepo, mwenye banda hapendi ukae kwenye gemu moja mwezi mzima wakati foleni ya mpira iko mlangoni. Unalipia dakika zako unaanza pale msituni, unaingia ile nyumba ya kwanza, unaua yule mzee wa shoka, unafika kijijini, jamaa wa msumeno wa mashine anakuja anakukata kichwa, watu wanapiga kelele, muda umeisha, anakaa mwingine anaanza tena pale pale msituni. Miaka na miaka. Mi binafsi kile kijiji nakijua kuliko nyumba ya shangazi yangu, najua ngazi iko wapi, najua lile dirisha la kuruka, najua kengele itapigwa wote waache mapanga waende zao. Ila Ashley mwenyewe nilikuja kumwona nikiwa mtu mzima.

Na njiani kabla ya kijiji kuna mbwa amenaswa mguu kwenye mtego. Kwenye mabanda ya Kampala kumfungua yule mbwa ilikuwa kama sheria, ukimpita bila kumfungua watoto wa benchi wanakuzomea. Unamfungua, anakimbia, basi. Kwamba yule mbwa anarudi mbele kukusaidia unapopigana na lile jitu El Gigante, hiyo walijua wachache sana, wale tu waliokuwa na PS2 nyumbani na memori kadi yao. Dada alikuwa mmoja wao, kaka yake alikuwa nayo Bukavu.

Usiku wa demo

Tarehe 9 mwezi wa 3 mwaka 2023 Capcom waliachia demo ya bure, yaani kipande cha kuonja, ya rimeki, ile gemu ya zamani iliyotengenezwa upya, wiki mbili kabla ya gemu kutoka tarehe 24. Bando la kuishusha walichanga na wakakesha kuisubiri. Na demo hiyo ilikuwa nini? Ilikuwa ni kijiji. Kile kipande kimoja cha gemu ambacho banda zima linakijua kwa moyo.

Watu walijaa mpaka nje. Msomaji akashika pedi. Pale kwenye njia ya msituni, mahali pa yule mbwa, akakuta mbwa kwenye mtego, lakini amekufa. Kimya. Alafu kelele, "banange!" (yaani "jamani!"), mtu mmoja akatoka nje kabisa. Baada ya hapo hakuna kilichoonekana kizuri tena. Kisu cha Leon kinachakaa na kuvunjika wakati cha zamani hakikuwahi kuvunjika. Ile taa nyekundu ya kulengea ambayo zamani karibu kila bunduki ilikuwa nayo haipo, kuna alama tu katikati ya skrini. Unampiga mtu risasi ya kichwa ukitegemea atapepesuka umpige teke, saa nyingine anapepesuka saa nyingine anakuja tu. Na kila kitu giza, kile kijiji cha mchana wa mawingu kimekuwa kama jioni ya mvua.

Walirekodi usiku uleule, wakiwa bado wana hasira. Rivyu ilikuwa na sentensi tatu ambazo zimekuja kuwa mzigo. Ya kwanza: mbwa ametolewa kwenye gemu. Ya pili: zamani Leon alikuwa mwepesi, anatembea huku anapiga, sasa wamemfanya mzito. Ya tatu: hii rimeki imetengenezwa na watu ambao hawakuwahi kuipenda ile ya zamani. Alama: 4 juu ya 10. Na klipu haikusema popote kwamba ni demo, ilisema tu "tumeicheza".

Ilisambaa kuliko kitu chochote walichowahi kufanya. Ilirudi kwetu kutoka Nairobi, ikarudi kutoka Arusha, mtu wa boda alinipigia ile sauti kwenye simu yake bila kujua kwamba naifahamu.

Rivyu za nje zilipotoka

Wiki moja kabla ya gemu kuingia sokoni wahakiki wa nje wakaanza kutoa zao na zilikuwa za juu sana, kwa PS5 Metacritic imetulia kwenye 93. Ndani ya siku mbili za kwanza ikauza nakala zaidi ya milioni 3. Watu wakaanza kuuliza kundi, kwa heshima kabisa mwanzoni, "kaka, nyie mmeona nini ambacho wenzenu hawajaona?"

Kundi lilikaa kikao pale pale bandani. Dada alisema tusubiri, tuicheze yote kwanza ndo tujibu. Fundi wa Video akasema ukikaa kimya watu wanajua umeshindwa. Wakapiga kura, watatu kwa mmoja, wakatoa klipu ya pili inayosema wahakiki wakubwa wamelipwa na kampuni ndo maana wanasifia.

Hawakuwa na ushahidi wowote. Nilimuuliza Msomaji baadaye ile habari ya kulipwa aliitoa wapi, akaniambia, "kila mtu si huwa anasema hivyo?"

Kwa nini waliamua vile

Sitaki msomaji awaone hawa kama wajinga, kwa sababu kila hatua ilikuwa na sababu yake.

Kurekodi usiku uleule kulitokana na bando na umeme. Kwenye ule mtaa umeme ukiwepo unafanya kazi yako yote maana kesho hujui. Alafu rivyu zao za nyuma zilizokuwa zinachelewa zilikuwa hazisikilizwi, watu wanataka mtu wa kwanza. Alama juu ya 10 waliiweka kwa sababu bila namba klipu haina ubishi, na bila ubishi haisambai, hilo walikuwa wameliona kwa macho yao.

Ile ya kulipwa nayo ilikuwa na mzizi. Vijana hawa wameshazoea kuambiwa kwamba maoni yao kuhusu gemu si maoni, hawana konsoli za kwao, wanacheza kwa zamu, wanaongea Kiswahili. Ghafla dunia nzima inasema kinyume chao, na badala ya kujiuliza "tumecheza kiasi gani" wakasikia ile sauti ya zamani inayosema "nyie hamjui". Wakajitetea. Naelewa kabisa, ila kuelewa hakuifanyi ile klipu iwe ya kweli.

Wakanunua gemu

Mwezi wa 4 Mwenye Banda aliamua gemu inunuliwe kamili kwa bei yake, dola 60, zaidi ya laki mbili za Uganda. Alitoa nusu mwenyewe, iliyobaki tukachanga wateja. Sababu yake aliisema wazi: "jina la banda langu liko kwenye ile sauti, nataka nijue kama nilidanganya watu."

Alafu akafanya kitu kidogo ambacho mi nakiona ndo uamuzi bora kuliko yote kwenye kisa hiki, alinunua daftari la shule. Kila anayecheza Resident Evil anaandika jina na namba ya mahali aliposeivu, yaani alipohifadhi mchezo, kwenye ile taipureta ya ndani ya gemu, na hakuna ruhusa kuseivu juu ya namba ya mwenzako. Kwa mara ya kwanza kwenye lile banda watu wakaanza kuendelea mbele. Watoto waliozaliwa baada ya 2005 wakafika ziwani, wakafika kanisani, wakamwona Ashley.

Siku ya nne au ya tano Dada ndo alikuwa kwenye pedi. Yuko mbele huko, hajafika bado kwenye pambano la El Gigante, akasikia mbwa analia. Akafuata sauti. Mbwa mwingine, mzima, kanaswa kwenye mtego. Akamfungua, hakusema kitu, akaendelea, na lile jitu lilipotoka mbwa akaja kulibwekea mpaka likawa linageukia kwake na Leon anapata nafasi ya kupiga.

Kijana mmoja wa benchi akageuka akamuuliza Msomaji, "anko, huyu si alikufa?"

Msomaji alitoka nje akaenda kusimama pale kwa muuza rolex, akakaa huko kama nusu saa.

PS2 juu ya meza moja na PS4

Aliporudi ndo akasema, basi tuitafute na ile ya zamani. Hii kazi ilichukua wiki mbili. PS2 ilipatikana kwa fundi mmoja mjini, memori kadi ikapatikana soko la Owino kwenye rundo la vitu vya mitumba, CD nzima isiyokwaruzika ilikuwa kazi zaidi. Wakaweka TV mbili, zamani kushoto mpya kulia, na wakacheza kipande kwa kipande.

Kilichotokea hapo ndo sababu ya mimi kuandika. Watu wanne, wote wamekulia kwenye ile gemu, wote walikuwa wanaapa kwamba Leon wa zamani anatembea huku analenga. Hatembei. Ukiinua bunduki miguu inaganda, ukitaka kusogea lazima ushushe bunduki kwanza. Ndo gemu yote ilivyojengwa, ile hofu ya kijijini inatoka hapo, kwamba unachagua kupiga au kukimbia. Wa rimeki ndo anayetembea huku analenga. Yaani walikuwa wamechukua uwezo wa Leon mpya wakampa wa zamani, alafu wakamlaumu mpya kwa kutokuwa nao! Mwenye Banda alijaribu mara tatu, akaangalia pedi kama ina kasoro.

Grafiki nazo. Wanakumbuka kijiji kizuri, na kwa kweli PS2 ilipewa toleo lililopunguzwa, mwanga ulipunguzwa ukilinganisha na GameCube, na vipande vya stori vilikuwa video iliyorekodiwa, ndo maana ukimvalisha Leon nguo nyingine kwenye stori anarudi na zile zile. Kwa hiyo hata hiyo "ya zamani" tunayoitetea haikuwa ile waliyoipa 96.

Lakini kuna mambo walikuwa sahihi. Taa nyekundu ya kulengea kweli ilikuwa kwenye karibu kila bunduki, sasa ni kifaa cha baadhi tu ya bastola. Kupepesuka kwa mtu ukimpiga kichwani zamani kulikuwa kwa uhakika, sasa kuna bahati ndani yake. Kisu kweli hakikuvunjika, ila hawakusema upande wa pili, kwamba kisu cha sasa kinazuia shoka, kinazuia mshale, kinazuia hata ule msumeno ukipatia muda, na kuvunjika ndo bei yake. Na zile sehemu za zamani za kubonyezabonyeza vitufe kama mtu anatwanga mihogo, mfano ukikimbia lile jiwe kubwa linalobingirika, zimetolewa, na pambano la visu na Krauser, mmoja wa maadui wa Leon, ambalo zamani lilikuwa la kubonyeza tu kile kinachotokea kwenye skrini sasa unapigana kweli. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na hamu ya kurudi kwenye ile ya vitufe.

Matokeo

Mwezi wa 5 walitoa rivyu mpya, ndefu, dakika kumi na kitu, sauti ya Msomaji tena. Ilianza na makosa: mbwa yupo, Leon wa zamani alikuwa anasimama, na ile habari ya wahakiki kulipwa tuliisema bila ushahidi, tunaomba radhi. Hawakuweka alama juu ya 10 safari hii. Wakasema wazi wamecheza wapi, kwa zamu, kwenye PS4, na kwamba ile ya zamani wanayolinganisha nayo ni ya PS2.

Ilisambaa kidogo tu. Ile ya mbwa mpaka leo inazunguka, mwaka jana nimeipata tena kwenye grupu la ukoo wetu imetumwa na binamu yuko Mwanza. Fundi wa Video alijitoa, hawakugombana, alisema tu yeye hawezi kufanya kazi miezi miwili kwa klipu ya watu wachache, sasa anafanya video za harusi na anafanya vizuri.

Banda lilipata kitu ambacho hakikutegemewa. Zile TV mbili ziliachwa pale, na Alhamisi usiku ikawa ni ya zamani na mpya. Kwenye PS2 sasa kuna memori kadi, imefungwa na gundi ili isichomoke. Kuna mzee mmoja fundi seremala, mtu wa miaka arobaini na kitu, alikuwa anacheza ile gemu tangu PS2 za kwanza zilipoingia mtaani, akaanza kuja kila Alhamisi na kuendelea alipoishia. Alhamisi ya tatu akafika kwa El Gigante. Yule mbwa aliyekuwa anamfungua tangu ujana wake akatokea akaanza kubweka. Mzee akaweka pedi chini, Leon akakanyagwa akafa, wala hakujali.

Uchambuzi

Tuanze na kosa la wazi, demo. Kipande cha mwanzo kinaweza kukuambia kisu kinavunjika, maana hicho umekiona. Hakiwezi kukuambia kwamba kitu fulani *hakipo* kwenye gemu ya masaa kumi na kitu. "Nimeona mbwa amekufa hapa" ni ushahidi. "Mbwa ametolewa" ni utabiri, na waliutoa kama ushahidi. Nadhani waliotengeneza waliweka yule mbwa mfu pale makusudi, wanajua tunakumbuka nini, wanakuvunja moyo mapema ili mbele uokoe mwingine kwa furaha zaidi, na mtego ukatunasa sisi wenyewe.

Kosa la pili ni zito kidogo na sijaona watu wakiliongelea. Wahakiki wa nje wanapolinganisha rimeki na ya zamani wanadhani wote tuna "ya zamani" moja. Ya kwetu ilikuwa ni dakika arobaini za kwanza zimerudiwa mara elfu. Kumbukumbu ya namna hiyo ni kali sana mahali pamoja na ni tupu kabisa pengine. Ndo maana kundi liligundua jambo dogo kama kupepesuka kwa kichwa ndani ya nusu saa, kitu ambacho mtu aliyemaliza gemu mara moja mwaka 2005 hawezi kukihisi kwenye vidole, na wakati huohuo hawakujua kwamba zamani Ashley alikuwa na damu yake ya kuhesabu, kipimo cha uhai wake, na sasa hana. Hata stori ya pembeni ya mhusika mwingine, Ada Wong, iitwayo Separate Ways, ilikuwemo ndani ya CD ya PS2, inafunguka ukimaliza gemu. Ilikuwa mikononi mwetu miaka yote ile na hakuna aliyewahi kuiona. Rimeki iliitoa mwezi wa 9 mwaka 2023 kama nyongeza ya kulipia, na hapo ndo mtu wa PS2 alikuwa na haki ya kulalamika kabisa, kwamba kitu kilichokuwa ndani ya bei sasa kina bei yake, lakini banda letu halikulalamika kwa sababu halikujua limenyang'anywa nini.

Kwa hiyo mi sikubaliani na wanaosema rivyu ya kwanza ilikuwa takataka. Malalamiko kama matatu yalisimama hata baada ya kuweka TV mbili. Kilichoiharibu ni kwamba kilichohisiwa na vidole na kilichokumbukwa na moyo vilisemwa kwa sauti moja, msikilizaji hawezi kutenganisha.

Alafu ile tuhuma ya kulipwa. Ubaya wake mkubwa ni kwamba ilifunga mlango wa swali zuri lililokuwepo. Tarehe 7 mwezi wa 4 Capcom waliongeza sehemu ya Mercenaries, ya kupigana kwa kutafuta pointi, bure, na pamoja nayo wakaanza kuuza kwa pesa halisi tiketi za kuboresha silaha. Rivyu zile za 93 zilikuwa zimeshatoka. Yaani wahakiki wa nje nao walitoa alama kwenye kitu ambacho hakijafika chote, karibu kosa lilelile la demo kwa kipimo kidogo. Kundi la Kampala lingeweza kuwa miongoni mwa watu waliolisema hilo kwa Kiswahili, tena kwa hoja, ila walikuwa wameshasema "wamelipwa" na baada ya hapo nani anakusikiliza.

Kilichofanya kazi ni daftari. Nalirudia kwa sababu watu wakisikia kisa hiki wanashika habari ya mbwa na kuacha daftari. Msomaji hakubadilika kwa sababu mtu alimbishia, alibishiwa na mamia ya watu na akazidi kukaza. Alibadilika kwa sababu banda lilipata namna ya kuendelea mbele kwenye gemu, na Dada akafika mahali ambapo ukweli ulikuwa unalia kwenye mtego. Kuweka konsoli mbili nako kulifanya kazi, ingawa ni ghali na si kila mtu ataweza, walau wangeweza kuandika kwenye karatasi kile wanachokikumbuka *kabla* ya kuwasha ya zamani. Hilo Dada aliwafanyisha, na ndo maana ile habari ya Leon kutembea haikuweza kukanwa, iko kwa mwandiko wao wote wanne.

Kuhusu kutoa alama, bado wanabishana. Rivyu ya pili bila namba ilikuwa ya haki na haikufika popote. Msomaji anataka kuzirudisha namba lakini ziwe mbili, moja ya gemu yenyewe, nyingine ya jinsi inavyochezeka bandani kwa zamu, na mi naiona ni njia, maana rimeki ileile ambayo nyumbani ni tamu, kwenye TV ndogo ya kona na lile giza lake na watu kumi nyuma yako wanashindwa kuona kitu, ni uzoefu mwingine kabisa na mtu wa Kampala anastahili kuambiwa hivyo.

Na kuna ambalo halijaamuliwa. Klipu ya kwanza bado iko kwenye simu ya Mwenye Banda. Dada anataka ifutwe kila mahali inapowezekana na kila anayeituma aombwe aifute. Mwenye Banda anakataa, anasema iachwe ila mwanzoni mwake iongezwe sauti ya Msomaji akisema tarehe, kwamba ilikuwa demo, na kwamba mbwa yuko hai. Msomaji ameshairekodi hiyo sauti, sekunde kumi na moja, ila mpaka naandika hapa Fundi wa Video ambaye ndo mwenye faili la kwanza hajapata muda wa kuziunganisha.